Vijana wa Marekani Waliofuatwa Tangu Shuleni Hata Utu Uzima



Kila mwalimu ajua jambo hili, ijapokuwa hatulisemi mara nyingi. Mtoto huja kwetu katika mwaka wake wa kumi na mbili au wa kumi na tatu, twamfundisha, twamjaribu kwa maswali, naye akijibu vema twafurahi na kuliandika jina lake katika daftari. Kisha hukua. Huenda mjini kutafuta kazi, au huolewa mbali, na habari zake hutufikia kwa vinywa vya watu tu, nusu kweli, nusu uvumi. Kwa hiyo hatujui hasa ni lipi katika mafundisho yetu lililoshika mizizi, na ni lipi lililosahauliwa kabla ya mvua za mwaka wa pili. Twasema kwamba malezi mema huzaa mtu mwema. Walakini ni nani katika sisi aliyewahi kuwafuata vijana elfu, mwaka kwa mwaka, apate kuona kwa macho?

Katika nchi ya Marekani wako watu waliofanya hivyo, wakawafuata vijana elfu ishirini na zaidi, na kazi yao imedumu miaka zaidi ya thelathini. Uchunguzi huo huitwa kwa kifupi Add Health, na makao yake ni Chuo Kikuu cha North Carolina, katika mji wa Chapel Hill. Nimeona inafaa kuwaelezeni habari zake, maana mengi yaliyoonekana huko yanazihusu nyumba za Wakristo na walimu wao. Na moja, ambalo nitalieleza kwa urefu, linahusu ahadi ambazo vijana huandikishwa kanisani.

Mwanzo wake ulikuwa na mabishano. Mwaka 1991 uchunguzi mwingine, uliokusudia kuwauliza vijana habari za mwenendo wao wa kimwili, ulizuiwa na serikali ya Marekani kabla haujaanza, kwa kuwa wengi walinung'unika wakisema si adabu kuwauliza watoto mambo kama hayo. Mimi siwacheki watu hao; hata kwetu yuko mzazi ambaye angemfukuza mgeni mlangoni kwa swali moja la namna hiyo. Lakini siku zile ugonjwa wa ukimwi ulikuwa ukiua vijana, na asiyeuliza hajui. Basi mwaka 1993 Bunge la nchi likaagiza uchunguzi wa afya ya vijana kwa jumla: chakula chao, maradhi yao, huzuni, ulevi, ugomvi, urafiki, wazazi, shule, dini, na hayo ya mwili pia. Aliyeuongoza kwanza alikuwa mwalimu J. Richard Udry, aliyefariki mwaka 2012. Baada yake akaongoza mama mmoja, Kathleen Mullan Harris, na kisha Robert Hummer.

Zikachaguliwa shule kutoka pande zote za nchi, za mjini na za shamba, kubwa na ndogo, za serikali na za watu binafsi. Katika mwaka wa masomo wa 1994 na 1995 wanafunzi wapata 90,000, wa darasa la saba hata la kumi na mbili, waliandika majibu yao darasani. Kisha kutoka katika orodha za shule hizo wakachaguliwa vijana 20,745, wakaendewa nyumbani mwao, na mzazi mmoja, mara nyingi mama, akaulizwa naye. Wakarudiwa mwaka 1996. Tena mwaka 2001 na 2002, walipokuwa wanaoa na kuanza kazi. Tena mwaka 2008. Tena kati ya 2016 na 2018. Na mwaka 2022 ikaanza safari ya sita. Mwaka 2008, yaani miaka kumi na mitatu baada ya kuendewa mara ya kwanza, walipatikana watu 15,701, katika nchi ambayo watu wake huhama kila mara kwa ajili ya kazi. Nani kati yetu aweza kuwapata watatu katika kila wanne wa darasa lake la mwaka ule?

Namna ya kuuliza nayo yafaa kusimuliwa. Maswali ya aibu hayakuulizwa kwa mdomo. Kijana alipewa kompyuta ndogo na visikizi vya kuvaa masikioni, akalisikia swali peke yake, akajibu kwa kubonyeza. Mama aliyeketi chumba cha pili hakujua jibu, wala mwulizaji aliyekuwa mbele yake hakujua. Hapa nawaomba wenzangu watafakari kidogo. Sisi humwuliza kijana mbele ya baba yake kama anakunywa pombe, naye hujibu, "Hapana, mwalimu," nasi twaandika "Hapana."

Tena kila mwanafunzi aliombwa kutaja rafiki zake, wavulana watano na wasichana watano. Kwa kuwa wenzake wengi wa shule ile nao walijibu, wachunguzi waliweza kuyajua mambo ya rafiki kwa kinywa cha rafiki mwenyewe. Hili ni jambo kubwa, maana kijana hudhani kwamba wenziwe wanafanya mengi kuliko wanayofanya. Wakachaguliwa makusudi pia mapacha, na ndugu wa tumbo moja, na wa kambo waliolelewa nyumba moja, ili ipimwe sehemu itokayo katika damu na sehemu itokayo katika malezi.

Sasa niseme waliyoyaona.

La kwanza lilitangazwa mwaka 1997, na Michael Resnick na wenzake, katika majibu ya vijana zaidi ya 12,000. Walitafuta ni kitu gani kinachomkinga kijana na madhara: kukata tamaa na kutaka kujiua, kupigana, kuvuta sigara, kunywa pombe na bangi, kuanza mapema mambo ya mwili. Wakaona kwamba kijana aliyejiona yu karibu na wazazi wake, anapendwa na kutunzwa, alikuwa na ulinzi katika karibu mambo yote hayo. Na aliyejiona ni mtu wa shule yake, mwenye walimu wamtendeao haki, naye alikuwa na ulinzi. Wakauliza pia kama mzazi huwapo nyumbani asubuhi mtoto anapoamka, na anaporudi kutoka shuleni, na wakati wa chakula cha jioni, na anapolala. Waliokuwa na mzazi saa hizo walikuwa na huzuni kidogo kuliko wengine. Na katika nyumba ambamo bunduki ilikuwa mahali pa kufikiwa upesi, hatari ya mtoto kujidhuru au kudhuru wengine ilikuwa kubwa zaidi.

Mtu aweza kusema, "Hayo twayajua tangu zamani, bibi zetu waliyasema." Ni kweli. Lakini bibi zetu hawakuweza kutuambia kama ulinzi huo hudumu. Mwaka 2019 Riley Steiner na wenzake walilinganisha majibu ya ujana ya watu zaidi ya 14,000 na hali yao walipokuwa watu wazima wa miaka 24 hata 32. Waliokuwa karibu na nyumba yao na shule yao pia, wakilinganishwa na waliokosa yote mawili, uwezekano wao wa kupatwa na mambo kama kufikiri kujiua, kupigana, magonjwa ya zinaa na dawa za kulevya ulikuwa umepungua kwa 48 hata 66 katika kila 100. Fikirini urefu wa wakati ule! Mtoto ameondoka nyumbani, ameondoka shuleni, pengine mwalimu wake amekwisha kufa, na bado ule ukaribu wa zamani waonekana katika maisha yake.

Walimu watauliza, Je, shule ifanyeje ili mtoto ajione ni mtu wake? Clea McNeely na wenziwe walilichunguza jambo hilo, wakatangaza mwaka 2002. Shule kubwa mno ilipunguza ukaribu; lakini idadi ya watoto katika darasa moja haikuonekana kuwa na nguvu hiyo. Darasa lenye utaratibu, ambamo watoto wanasikilizana na kufanya kazi zao, liliuongeza, na vivyo hivyo michezo na vyama vya baada ya masomo. Na shule zilizokuwa na adhabu kali, zikimfukuza mtoto kwa kosa lake la kwanza, zilikuwa na wanafunzi waliojiona wako mbali nayo, hata wale ambao hawakufukuzwa. Hili la mwisho nawaachieni wakuu wa shule wenye fimbo nyepesi.

Sasa nije kwenye habari ya mnyororo. Katika shule chache, wanafunzi wote waliendewa nyumbani na kuulizwa ni nani waliyekuwa wapenzi wao katika miezi kumi na minane iliyopita. Mojawapo wachunguzi waliipa jina la kubuni, Jefferson, ili isijulikane. Wanafunzi 832 waliulizwa. Peter Bearman, James Moody na Katherine Stovel wakachora nukta kwa kila mwanafunzi na mstari kati ya kila wapenzi wawili, wakatangaza picha hiyo mwaka 2004. Wengi walidhani pataonekana kikundi kidogo cha wakorofi katikati, na wengine wote wako mbali nacho. Haikuwa hivyo. Wanafunzi 288 walikuwa wameunganishwa katika mnyororo mmoja mrefu, wenye matawi kama mti, wala hapakuwa na mtu wa katikati. Wengi wao walikuwa na wapenzi wachache, mmoja au wawili tu. Msichana aliyeweza kusema kwa kweli, "Mimi sijawa na mtu ila huyu mmoja," alikuwa ameungana na watu zaidi ya mia mbili asiowajua. Ugonjwa ukiingia mahali pamoja, njia iko wazi. Walakini mti wa namna hiyo ni dhaifu pia: likikatwa tawi popote, upande mzima umetengana na mwingine. Kwa hiyo wachunguzi wakasema kwamba kuwaonya wachache wanaojulikana kuwa wabaya hakutoshi, na kwamba kuwafundisha wote, hata wale wanaoonekana wema, kwaweza kuukata mnyororo mahali pengi.

Na sasa habari ya ahadi. Mwaka 1993 kanisa la Wabaptisti wa Kusini, katika Marekani, lilianzisha mwendo wa kuwaandikisha vijana ahadi kwamba hawatajuana kimwili na mtu hata siku ya ndoa. Kijana alitia sahihi katika kadi. Mwaka 1994 kadi zaidi ya 200,000 zilipangwa juu ya majani katika uwanja mkubwa wa Washington, watu wakaja kuzitazama. Kwa kuwa Add Health ilianza miaka ile ile, swali likawekwa: Je, umewahi kutoa ahadi hiyo? Basi ikawezekana kuwafuata.

Bearman na Hannah Brückner walitangaza kwanza, mwaka 2001. Wakasema kwamba walioahidi walichelewa kuingia katika tendo lile kwa wastani wa miezi kumi na minane kuliko wasioahidi. Wachungaji wengi walifurahi. Lakini waliosoma hata mwisho waliona mambo mengine. Ahadi ilikuwa na nguvu pale tu ambapo walioahidi shuleni walikuwa wachache wa kutosha, wakajiona ni kundi la pekee. Walipokuwa wengi mno, nguvu yake ilitoweka, maana haikuwa tena alama ya kitu. Na walioivunja hawakujikinga kama wenzao, kwa sababu aliyeahidi kutotenda hajitayarishi kutenda. Mwaka 2005 wawili hao walitangaza tena, baada ya mkojo wa vijana kupimwa: magonjwa ya zinaa yalikuwa karibu sawa kwa walioahidi na wasioahidi.

Kisha akaja mchunguzi mwingine, Janet Rosenbaum, akauliza swali ambalo kila mkulima angeliuliza. Ukitia mbolea shamba lililo bondeni, na usitie lililo juu ya mawe, ukavuna zaidi bondeni, Je, ni mbolea au ni udongo? Watoto walioahidi walikuwa zaidi watoto wa nyumba za dini, wenye wazazi wakali, wasiopenda hata kusikia mambo hayo. Huenda wangechelewa hata bila kadi. Kwa hiyo akatafuta katika majibu ya mwaka 1995 vijana waliofanana kabla ya ahadi kwa mambo zaidi ya mia moja: dini yao, mawazo yao, wazazi wao, rafiki zao. Kisha akawatenga 289 walioahidi mwaka uliofuata, na 645 walio mfano wao ambao hawakuahidi. Akawatazama tena miaka mitano baadaye. Alitangaza jibu lake mwaka 2009: hapakuwa na tofauti katika kujuana kabla ya ndoa, wala katika magonjwa; lakini walioahidi walikuwa nyuma katika kutumia mpira na njia za kuzuia mimba. Na katika kila 100 ya walioahidi, 82 walikana kabisa kwamba waliwahi kutoa ahadi hiyo. Mwanzoni, mwaka 2006, alikuwa ameonyesha kwamba zaidi ya nusu ya walioahidi walikana baada ya mwaka mmoja tu.

Najua wako watakaochukizwa na habari hii, na wako watakaoipokea kwa kicheko wakisema, "Tazameni, dini haina kazi." Wote wawili hawajasoma vizuri. Wale vijana wa Rosenbaum, walioahidi na wasioahidi, wote walikuwa wa nyumba za dini kuliko vijana wa kawaida, na wote walianza mambo hayo wakiwa wamechelewa kuliko wengine. Kilichochelewesha kilikuwa kile kilichokuwamo nyumbani kabla kadi haijaletwa. Kadi yenyewe ndiyo iliyokuwa nyepesi. Mimi naona si ajabu. Kijana wa miaka kumi na mitano anaposimama mbele ya kusanyiko, rafiki zake wote wamesimama, mwalimu anamtazama na kalamu imewekwa mkononi, atafanya nini ila kutia sahihi? Wala si haki kumwita mwongo anaposahau. Hakulibeba neno lile. Lilibebwa na kusanyiko, na kusanyiko lilipotawanyika likaenda nalo.

Jambo la kufanana na hilo limeonekana karibu nasi. Katika mkoa wa Mwanza, Tanzania, tangu mwaka 1999 jamii 20 za vijijini ziliingia katika jaribio lililoitwa MEMA kwa Vijana. Nusu yake shule zao za msingi zilipata masomo ya afya ya uzazi, na waganga wa zahanati wakafundishwa kuwapokea vijana kwa upole. Mwaka 2007 na 2008 wakapimwa vijana zaidi ya 13,000 wa pande zote mbili. Waliofundishwa walikuwa na maarifa zaidi, tena maarifa yale yalikuwa yamedumu miaka mingi. Lakini virusi vya ukimwi havikupungua kwao kuliko kwa wenzao. Kumbe kujua peke yake hakukutosha, kama vile kuahidi peke yake. Mtoto aliyefundishwa darasani alirudi katika kijiji kile kile, chenye wanaume wale wale wenye fedha na desturi zile zile.

Nimebakiza habari za mwili. Mwaka 1996 wapata 13 katika kila 100 ya wale vijana wa Marekani walikuwa na unene wa kupita kiasi. Mwaka 2008 walikuwa 36. Katika safari hiyo ya mwaka 2008 waulizaji walichukua vipimo nyumbani: uzito, mshipi wa kiuno, shinikizo la damu, na matone machache ya damu ya kidole yaliyokaushwa juu ya karatasi. Watu 19 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la damu lililopanda, nao hawajatimiza miaka 33! Wengi wao hawakujua, maana ugonjwa huu haupigi hodi.

Na mwaka 2016 Yang Claire Yang, akiwa pamoja na Harris na wengine, alionyesha kwamba upweke huingia mwilini. Kijana asiye na watu wa kushirikiana nao alikuwa na alama za uvimbe wa ndani katika damu yake, na hatari hiyo ilikuwa sawa na ya kijana asiyeutumikisha mwili wake kabisa. Sisi twamhimiza kijana mnene kukimbia. Lakini yule anayeketi peke yake nyuma ya darasa twasema ni mtulivu, ana adabu.

Uchunguzi huu una mipaka yake. Ulianza na watoto waliokuwa shuleni, kwa hiyo waliokwisha acha shule hawamo. Na Marekani ni Marekani. Chakula chao, nyumba zao, na fedha zao si zetu, wala haifai kuchukua hesabu zao na kuzibandika juu ya watoto wa hapa.

Mimi mwenyewe ni wa rika lao. Waliokuwa na miaka kumi na mitatu mwaka 1995 sasa mvi zinawaanza. Katika safari ya sita, iliyoanza mwaka 2022, walipimwa hata kumbukumbu zao, ili ijulikane akili huanzaje kuchoka na ni kitu gani cha ujana kinachoilinda. Wengi wamo katika nyumba zenye watoto wa darasa la saba na la nane, na mwulizaji alipofika, pengine aliyekuja kumfungulia mlango alikuwa mtoto wa umri ule ule aliokuwa nao mzazi wake siku ya kwanza.